Pete ya Funguo za Ghala la Pamba

Ndugu wahitimu, nanyi wanafunzi mlioko darasani, wengi wetu tuliotoka vijiji vya Musoma, Bunda na Butiama tulilipiwa ada kwa pamba. Basi tuikumbuke pete ya funguo ya katibu wa chama cha msingi: duara la chuma lenye funguo za ghala, ofisi na sanduku la fedha. Wanachama waliweza kumwita mkutanoni aiweke mezani. (Wapo waliopunja mizani, tusifichane.) Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa, vijiji vikatwaa kazi ya vyama vya msingi, mamlaka za mazao zikatwaa ya vyama vikuu. Sheria ya 1982 iliurudisha ushirika. Funguo zilirudi, ujasiri wa kuzidai mezani, kwa maoni yangu, ulichelewa sana.