Amplifaya ya Williamson na Mafundi wa Nyumbani

Aprili na Mei 1947, jarida la Wireless World la London lilichapisha makala mbili za D. T. N. Williamson, mhandisi kijana kutoka Uskoti, zikieleza jinsi ya kuunda amplifaya ya valvu yenye nguvu ya wati 15. Baada ya miaka michache mchoro wake ulikuwa umeenea Uingereza, Australia na Marekani.

Valvu zenyewe hazikuwa ngeni. John Ambrose Fleming alibuni yenye elektrodi mbili mwaka 1904, na Lee de Forest akaongeza ya tatu, gridi, mwaka 1906. Ndani ya chupa iliyotolewa hewa, kathodi iliyopashwa moto hutoa elektroni zinazokimbilia anodi yenye volti nyingi, na gridi iliyo katikati huzibana au kuziachia. Badiliko dogo kwenye gridi huzaa badiliko kubwa la mkondo, na hivyo sauti hukuzwa. Tatizo ni kwamba sauti hupotoshwa njiani. Dawa yake ilipatikana mwaka 1927, Harold Black wa Bell Labs alipobuni mrejesho hasi: sehemu ya sauti inayotoka hurudishwa mwanzoni ikiwa kinyume, ili upotoshaji ujipunguze wenyewe.

Williamson alibuni amplifaya yake mwaka 1944 akiwa katika kampuni ya M-O Valve. Alichagua valvu mbili za KT66, zinazopokezana kusukuma na kuvuta, akaziunga zifanye kazi kama triodi, yaani valvu za elektrodi tatu. Hapo alikubali kupoteza nguvu ili apate usafi wa sauti, na uamuzi huo ulikuwa sahihi. Akaongeza mrejesho wa desibeli 20, na upotoshaji ukashuka chini ya asilimia 0.1.

Kazi ngumu ilikuwa transfoma ya kutolea sauti. Valvu hufanya kazi kwa volti nyingi na mkondo mdogo, spika hutaka kinyume chake, na transfoma ndiyo inayozipatanisha. Mrejesho mwingi kiasi kile, ukipitia transfoma mbovu, huifanya amplifaya ianze kuunguruma yenyewe. Kwa hiyo Williamson alitoa vipimo vyote: mizunguko 4,400 ya waya wa shaba upande wa valvu, igawanywe mafungu kumi ya mizunguko 440, kila fungu tabaka tano za mizunguko 88, karatasi nyembamba kati ya tabaka, na mafungu ya upande wa spika yapachikwe katikati yake. Aliyekuwa na subira aliisuka mwenyewe. Wengine walinunua za kampuni ya Partridge.

Vifaa vingine havikuwa haba. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha, maduka ya Lisle Street mjini London yalijaa masalia ya redio za jeshi, na santuri mpya za kampuni ya Decca zilibeba sauti za juu ambazo gramafoni za zamani hazikuweza kuzitoa. Fundi alitoboa bati la shasi, akafunga soketi, akasokota pamoja nyaya za kupasha kathodi ili mvumo wa umeme usiingie kwenye sauti, kisha akalehemu kiungo kimoja kimoja. Volti zipatazo 450 zilibaki kwenye kapasita hata umeme ukishazimwa, na aliyesahau kuzimaliza kabla ya kugusa alihatarisha maisha yake.

Marekani, kampuni ya Heath ya Michigan iliuza vifaa vya mchoro huo vikiwa tayari kwenye boksi pamoja na maelekezo. Mwaka 1951 David Hafler na Herbert Keroes walieleza njia ya kuunga gridi ya pili ya valvu kwenye msokoto wa transfoma, mahali kati ya anodi na chanzo cha umeme, wakapata nguvu zaidi bila kuharibu sauti, na Williamson nyingi zikafumuliwa na kuungwa upya. Mwaka 1954 kampuni ya Mullard ikatoa mchoro wa 5-10 wenye valvu ndogo za EL84, rahisi kwa mtu asiye na mfuko mnene.

Miaka ya 1960 transista zilichukua nafasi ya valvu, kwa kuwa hazikuhitaji transfoma ile nzito wala volti za kuua. Hata hivyo valvu za KT66 bado hutengenezwa, na mchoro wa 1947 bado unaundwa na mafundi wa nyumbani.