Jua, Bakteria na Mafundi Wasioonekana

Juma lililopita mama mmoja alitufikia baada ya Misa, akiwa amemshika mkono mwanawe mwenye ualbino. Akatuuliza: "Baba, jua hili linaloivisha mahindi ya kila mtu, mbona linamla mwanangu ngozi?" Tulimpa maneno machache ya faraja, kisha tukarudi nyumbani na deni. Makala haya ni malipo ya sehemu ya deni hilo. Katika kusoma kwetu tumetambua kwamba njia ya kulifikia jibu haikuanzia kwa binadamu. Ilianzia kwa inzi wa matunda, kwa bakteria na kwa hamira ya mkate.

Tuanze na msingi. Ndani ya kila chembe hai kuna maandishi marefu yaitwayo DNA, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu. Bakteria aitwaye E. coli, akaaye katika matumbo yetu, ana herufi zipatazo milioni 4.6, binadamu, katika seti moja ya vinasaba vyake, ana zipatazo bilioni 3. Maandishi hayo hupata madhara kila siku: kwa jua, kwa moshi, kwa kemikali, hata kwa maji yaliyomo ndani ya chembe yenyewe. Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili. Dhara ni kama ukurasa uliochanika: waweza kushonwa. Badiliko ni kama neno lililokosewa wakati wa kunakili: likishaingia katika nakala, huonekana kama neno halali na hurithishwa kwa kizazi kinachofuata.

Ni nani basi angeyachunguza mambo hayo kwa binadamu, ambaye kizazi chake kimoja huchukua miaka ishirini na zaidi, na ambaye si halali kumdhuru? Wataalamu waliwageukia viumbe wadogo. E. coli akiwa na chakula na joto la kutosha hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Asubuhi ni mmoja. Kesho yake ni taifa.

Mwaka 1927, Hermann Muller wa Chuo Kikuu cha Texas alitangaza kwamba inzi wa matunda waliopigwa miale ya eksirei walipata mabadiliko ya vinasaba mara 150 hivi kuliko kawaida. Hadi hapo, mabadiliko yalidhaniwa kuwa jambo lisiloweza kuguswa na mkono wa mtu. Muller hakushangilia tu. Aliwaonya pia waganga waliotumia miale hiyo bila hadhari. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1946, mwaka mmoja baada ya Hiroshima na Nagasaki, wakati ulimwengu mzima ulikuwa umeanza kuielewa hofu yake.

Aliyemfuata njiani ni mwanamke aliyefukuzwa kwao. Charlotte Auerbach alikuwa mwalimu mjini Berlin, na mwaka 1933 aliondolewa kazini kwa sababu ni Myahudi. Alikimbilia Edinburgh, Uskoti. Huko, wakati wa Vita Kuu ya Pili, yeye na J. M. Robson waliwafukiza inzi kwa gesi ya haradali, silaha iliyowaunguza askari katika vita iliyotangulia. Mikono yake mwenyewe iliungua katika kazi hiyo. Waligundua kwamba kemikali nayo, kama miale, hubadili vinasaba. Kwa sababu ya siri za vita, ulimwengu haukuelezwa mpaka mwaka 1946.

Hapo tunamfikia mtu tunayependa kumkumbuka zaidi. Evelyn Witkin alizaliwa New York mwaka 1921. Akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini humo, aliungana na wenzake kupinga desturi ya chuo ya kumweka kando mchezaji mweusi kila timu pinzani ilipokataa kucheza naye. Yeye na wenzake sita walisimamishwa masomo kwa miezi mitatu mwaka 1941. Alihamia chuo kingine, na kiangazi cha mwaka 1944 alifika katika maabara ya Cold Spring Harbor, akiwa hajawahi kufanya kazi na bakteria. Aliwapiga bakteria miale ya urujuanimno, ile ile iliyomo katika mwanga wa jua, kwa kipimo kikubwa mno. Karibu wote walikufa. Yakabaki makundi manne tu yaliyoota.

Mwingine angeitupa sahani hiyo na kuanza upya kwa kipimo kidogo. Witkin aliuliza: hawa wanne wamewezaje? Akathibitisha kwamba walikuwa na badiliko lililowafanya waistahimili miale, na kwamba uzao wao uliurithi ustahimilivu huo. Kutoka katika swali hilo moja alichota kazi ya maisha yake yote.

Miaka michache baadaye, katika maabara hiyo hiyo, Albert Kelner alikuwa akihangaika na kijidudu kitoacho dawa ya streptomisini. Alivipiga miale vijimbegu vyake, lakini hesabu zilikataa kulingana: leo vimekufa karibu vyote, kesho vimefufuka wengi. Alidhani tofauti ni joto. Kumbe ilikuwa mwanga wa kawaida ulioviangukia baadaye. Mwaka 1949 alitangaza kwamba mwanga unaoonekana huponya jeraha lililotiwa na mwanga usioonekana. Ikadhihirika kwamba chembe hai haipokei tu madhara, inajitengeneza.

Mwaka 1964 ikajulikana kwamba kuna na fundi wa pili, asiyehitaji mwanga. Miale ya urujuanimno huzigandamanisha herufi mbili jirani, na ilionekana kwamba bakteria huikata sehemu iliyoharibika na kuiondoa, kisha huliandika upya pengo kwa kufuata uzi wa pili wa DNA. Aliyeieleza vizuri mashine ya ukataji huo ni Aziz Sancar, mwana wa saba kati ya wanane, ambaye wazazi wake huko Savur, Uturuki, hawakujua kusoma. Alikuwa daktari kabla ya kwenda Marekani. Alipokosa nafasi ya utafiti alikubali kazi ya fundi wa maabara katika Chuo Kikuu cha Yale, na ni humo, mwaka 1983, alipoonyesha jinsi vimeng'enya vya bakteria vinavyokata pande zote mbili za jeraha na kutoa kipande chenye herufi 12 au 13. Mwaka 2015 yeye, Tomas Lindahl na Paul Modrich walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Wote watatu walijifunza mengi kutoka kwa E. coli.

Na Witkin? Katika miaka ya 1970, yeye na Miroslav Radman walieleza kwamba bakteria aliyejeruhiwa sana hupiga kama king'ora: jeni nyingi zilizolala huamka kwa pamoja ili kuokoa maisha. Jeraha lisipotengenezeka kwa usafi, chembe hukubali kunakili kwa makosa ili isife. Hivyo mabadiliko mengine si pigo la moja kwa moja la miale, bali ni bei ambayo chembe hulipa ili iishi. Witkin alifariki mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 102.

Hata hamira ina sehemu yake. Mwaka 1993, watafiti waliochunguza hamira iliyopoteza fundi wa kusahihisha makosa ya kunakili waliona vurugu ya aina ile ile iliyokuwa imeonekana katika saratani ya utumbo mpana ya kurithi. Kabla ya mwaka huo kwisha, kasoro kama hiyo ilithibitishwa katika familia zenye ugonjwa huo.

Sasa tumrudie mama yetu. Wanadamu hatuna yule fundi wa Kelner anayetumia mwanga. Tunamtegemea fundi wa kukata na kuandika upya. Wapo watu wachache waliozaliwa na kasoro katika fundi huyo, na jua huwadhuru vibaya sana. Lakini mtoto wako, mama, si mmoja wao. Mafundi wake ni wazima na wanafanya kazi usiku na mchana. Alichopungukiwa ni mwavuli: ile rangi ya ngozi inayozuia miale isifike ndani. Mafundi wanazidiwa kwa sababu majeraha ni mengi mno. Basi wapunguzie kazi. Kofia pana, mikono mirefu, kivuli kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na mafuta ya kukinga ngozi kama yale ya Kilisun yaliyoanza kutengenezwa kwetu Moshi: kila kimoja ni msaada wa kweli kwa mafundi hao.

Na sisi wengine tusijifanye hatuhusiki. Katika nchi yetu watu wenye ualbino wameuawa kwa sababu ya ushirikina, na wapo bado wanaonong'ona kwamba mtoto wa namna hii ni laana. Ni herufi chache tu katika kitabu kirefu, kitabu ambacho kwa kila mmoja wetu kina makosa yake. Atakayemwona mtoto huyo uwanjani saa sita mchana, asimsemee mbali, amwite kivulini.