Stesheni ya Syokimau
Stesheni ya Syokimau ni kituo cha treni za abiria wa kila siku katika Kaunti ya Machakos, Kenya, kusini-mashariki mwa Nairobi. Ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, ikiwa na eneo la kuegesha magari: wakazi wayaache hapo, wapande treni hadi katikati ya jiji na kukwepa foleni za Barabara ya Mombasa. Treni hupitia Imara Daima na Makadara.

Mwaka 2017 ilipata jirani mkubwa zaidi, kituo kikuu cha Nairobi cha reli mpya ya kisasa (SGR) itokayo Mombasa. Reli hizo mbili haziungani, kwani ya zamani ina upana wa milimita 1,000 na mpya 1,435. Hivyo abiria kutoka Mombasa hubadili treni hapo ili kufika katikati ya jiji.