Umeme wa Ruzizi na sauti inayoufuata

Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia Goma, umeme ulikatika. Pampu za maji zikasimama, intaneti ikazimika, watu wakashuka ziwani na bidoni kuchota maji. Familia zilizokuwa zimekwisha kukimbia mara mbili au tatu zilibeba tena mizigo. Katika kila kiwanja ambako watu walijibanza, swali lilikuwa moja: umeme utarudi lini?

Swali hilo linaulizwa kama vile kuna mtu mmoja mwenye jibu. Kumbe jibu hukusanywa vipande vipande kutoka kwa watu wengi walio mbali: aliye kwenye mtambo, aliye kwenye kituo cha katikati ya njia, fundi aliyetumwa kutafuta mahali waya ulipoanguka. Wasipoweza kuongea, hakuna anayejua. Ndiyo sababu kila kampuni ya umeme duniani, tangu zamani, imelazimika kuwa pia kampuni ya simu, ingawa mteja haioni simu hiyo hata siku moja.

Kwa upande wetu wa Kivu, hadithi inaanzia kwenye maji. Ziwa Kivu liko juu ya Ziwa Tanganyika kwa mita karibu 700, na mto Ruzizi ndio unaoshuka tofauti hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, mtambo wa Ruzizi I ulianza kazi karibu kabisa na Bukavu, mahali mto unapotoka ziwani. Nguvu yake ni karibu megawati 30. Tangu mwanzo ulitoa umeme kwa zaidi ya Bukavu: waya ulishuka bondeni mpaka Usumbura, mji tunaouita leo Bujumbura. Baadaye waya mwingine ulipanda kaskazini, ukifuata upande wa magharibi wa ziwa, kupitia Katana mpaka Goma.

Tuwaze kazi ya mfanyakazi wa zamu Goma katika miaka hiyo. Sindano ya mita inaanguka kwenye sifuri, taa zinazimika. Hiyo tu ndiyo habari aliyo nayo. Je, mti umeangukia waya? Mtambo umesimama? Au mwenzake kule Bukavu amefungua dijonkteri makusudi kwa sababu kuna mafundi juu ya nguzo? Sababu hizi tatu zinafanana mbele ya macho yake, lakini akikosea ya tatu anaua mtu. Fundi anayeshika waya wa kilovolti 70 anategemea neno moja lililosemwa kwenye simu: njia imefungwa, usiguse mpaka nikuite mwenyewe. Neno hilo huandikwa kwenye daftari, pamoja na saa na jina la aliyelisema. Mafundi wa umeme kila mahali wana desturi ya kurudia agizo neno kwa neno kabla ya kulitekeleza. Mgeni akiwasikiliza anaweza kucheka, akidhani hawasikii vizuri.

Basi neno hilo lilipitia wapi? Simu za posta zilikuwa chache, na barua haiwezi kushindana na umeme. Watu wazima wanakumbuka fonia. Parokia zilikuwa nayo, wafanyabiashara wa madini, makampuni ya ndege ndogo. Kila asubuhi kwa saa maalumu watu waliitana, na mji mzima uliweza kusikiliza siri za mwenye duka. Fonia inafika mbali, lakini mvua na radi huiharibu, na radi ndiyo hiyo hiyo inayokata umeme. Inashindwa saa ile inayohitajika zaidi.

Wahandisi walikuwa na ujanja mwingine, uliotumika Ulaya na Marekani tangu miaka ya 1920: kutumia waya wa umeme wenyewe kuwa waya wa simu. Umeme wetu unatetemeka mara 50 kwa sekunde. Sauti hupandishwa kwenye mtetemo wa makumi au mamia ya maelfu kwa sekunde, halafu hutiwa ndani ya waya ule ule wa msongo mkubwa. Mitetemo hiyo miwili husafiri pamoja bila kuvurugana, kama redio mbili za masafa tofauti. Aliyewahi kupita karibu na kituo kikubwa cha umeme huenda aliona kitu kama pipa kimening'inia mahali waya unapoingia. Mara nyingi hiyo si transfo. Ni koili inayozuia sauti isipotee ndani ya mitambo, ili igeuzwe na kwenda kwenye simu ya mezani ya mfanyakazi.

Ni njia nzuri, maana haihitaji nguzo nyingine. Ubaya wake unaonekana mara moja: waya ukianguka chini, sauti nayo inaweza kuanguka pamoja nao. Kwa hiyo njia ya pili ilitafutwa, redio za mlimani, yaani antena zinazotazamana kutoka kilele hadi kilele. Kivu ina vilele vingi, na kwa fundi wa redio nchi hii ni zawadi. Lakini kilele chenye antena kinamvutia pia mwanajeshi, na mwenye bunduki akipanda hapo, fundi hashiki tena ufunguo.

Mambo yalikuwa magumu zaidi mwaka 1989, mtambo wa Ruzizi II ulipoanza kazi chini ya ule wa kwanza, ukiwa na megawati karibu 44. Huu si wa nchi moja. Ni mali ya SINELAC, kampuni ya Burundi, Rwanda na Zaire iliyoundwa mwaka 1983 chini ya CEPGL, na makao yake yako Bukavu. Hapa simu haikuwa tena ya kuulizia habari za waya peke yake. Maji yanayofika Ruzizi II ni yale yaliyoachiwa na Ruzizi I, na mtambo wa chini hauna ziwa kubwa la akiba. Wa juu akipunguza maji bila kusema, wa chini anapoteza nguvu, na nchi tatu zinaanza kukatiwa. Wa juu akifungulia mengi mno, ziwa linashuka, na maji yaliyopita hayarudi. Watu wa zamu wa pande zote walihitaji kuongea kila siku, wakiwa na wakubwa tofauti, sheria tofauti na mara nyingine serikali zisizosalimiana. Hata majina yalichanganya: kwetu Regideso ni maji, Burundi Regideso ni maji na umeme pia.

CEPGL ililala baada ya 1994, vita vikafuatana, lakini mitambo ya Ruzizi II ilibaki ikigawia nchi tatu. Wanasiasa hawakusifiwa kwa hilo, na hawakustahili. Waliostahili ni watu wa zamu waliokuwa wakipokea simu.

Upande mwingine wa nchi yetu kuna mfano mkubwa kuliko huo. Mwaka 1982 njia ya Inga–Shaba ilianza kupeleka umeme kutoka Inga mpaka Kolwezi, kilomita karibu 1,700, kwa ajili ya migodi ya shaba. Kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo njia ndefu kuliko zote duniani. Ni umeme wa mkondo mmoja usiogeuka-geuka, kwa hiyo hauwezi kuchotwa njiani kwa transfo ya kawaida, na vijiji vingi vilibaki gizani chini ya nyaya. Uchungu huo unajulikana. Lisilosemwa sana ni kwamba mitambo ya Inga na ya Kolwezi lazima ikubaliane kiasi cha umeme kinachotumwa na kinachopokelewa. Upande mmoja ukibadilisha, mwingine lazima uambiwe. Halafu kuna jambo la saa. Inga ikiwa saa moja asubuhi, Kolwezi ni saa mbili. Wawili wakiandika saa ya hitilafu kwenye madaftari yao bila kukubaliana saa ya nani, kesho yake hakuna atakayejua nini kilitangulia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja simu ya mkononi, Celtel na Vodacom, na kwa mara ya kwanza fundi aliweza kupiga kutoka chini ya nguzo. Ilikuwa nafuu kubwa, na hapo ndipo mtego ulipojificha. Antena ya simu inakula umeme. Umeme ukikatika, antena inabaki na betri, kisha jenereta kama mafuta yapo, kisha kimya. Kampuni ya umeme inayotegemea simu ya mkononi inategemea kitu kinachoitegemea yenyewe. Katika saa ya kwanza ya giza kila mtu anampigia fundi. Katika saa ya sita fundi hapatikani. Tarehe 22 Mei 2021, lava ya Nyiragongo ilipokata umeme sehemu kubwa ya Goma, wakazi walikimbia usiku kuelekea Sake na kuvuka mpaka, huku kila mmoja akitafuta chaji kidogo ili ajue watoto wako wapi. Laini zile zile zilizobeba kilio cha familia ndizo ambazo fundi naye angezitegemea, kama hana njia yake.

Leo kuna njia bora zaidi. Nguzo kubwa zina waya wa juu kabisa usiobeba umeme, kazi yake kukinga radi. Siku hizi waya huo hutengenezwa ukiwa na nyuzi nyembamba za kioo ndani yake, na sauti, takwimu na amri hupita humo kama mwanga, bila kusumbuliwa na radi. Amri ya kufungua dijonkteri ya upande wa pili hufika kabla mtu hajapepesa jicho. Hiyo si anasa: waya ukianguka barabarani ambako watu wanapita na magodoro kichwani, kitambo kati ya kuanguka na kukatwa kwa umeme ndicho kinachoamua nani anafika.

Ila uzi wa kioo nao unakatika pamoja na nguzo. Ndiyo maana mpango wa maana wa simu za umeme hauanzi na kununua vyombo. Unaanza na maswali ya usiku: njia hii ikikatika, ya pili inapita wapi, na je, haipiti kwenye nguzo zile zile? Betri za kituo zinadumu saa ngapi? Nani ana haki ya kusema "washa"? Na Goma swali jingine limeongezeka, kwa sababu kuna pia umeme wa Matebe kutoka Rutshuru, wa hifadhi ya Virunga, kando ya ule wa SNEL. Mji mmoja, wenye umeme wawili. Pampu ya maji haijali umeme umetoka kwa nani, lakini fundi anayepanda nguzo anajali sana.

Ruzizi III, mtambo mwingine wa nchi tatu, umezungumziwa kwa miaka mingi. Kwenye mikutano watu hutaja megawati na fedha. Sura ya mawasiliano hukaa mwishoni mwa vitabu vya mradi, na pesa zikipungua ndiyo rahisi kukatwa, kwa kuwa hakuna waziri anayekwenda kukata utepe mbele ya simu ya mezani.