Mgonjwa Haulizwi Uji: Historia Fupi ya Wazimu Unguja

Ukitaka kumtukana mtu Unguja bila kumgusa mama yake, mwambie katoroka Kidongo Chekundu. Hiyo ndiyo hospitali ya wagonjwa wa akili ya Zanzibar, na ni hiyo moja tu kwa visiwa vyote, vyenye watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022. Iko nje ya Mji Mkongwe, upande wa Ng'ambo. Jina lenyewe halina kosa lolote, ni udongo mwekundu tu. Lakini sisi tumeligeuza tusi. Bara nako ni hivyo hivyo: husemwa "huyu wa Milembe", ikikusudiwa Mirembe ya Dodoma, iliyofunguliwa 1927. Mkenya naye atakutajia Mathare. Mzaha ni ule ule, jina la mtaa tu ndilo linalobadilika.

Nimeandika habari za afya kwa miaka kadhaa, na swali hili haliniachi: mbona hakuna anayetukanwa kwa kulazwa wodi ya macho? Mtu akivunjika mguu akalazwa Mnazi Mmoja, akitoka tunampa pole na kumpelekea uji. Akitoka Kidongo Chekundu tunamhesabu hatua, tunamsikiliza anavyocheka. Maradhi yamepona, jina limebaki.

Nadhani jibu liko kwenye historia. Si historia ya dawa peke yake, bali ya njia ambazo watu wa visiwa hivi wamezitumia kumrudisha mtu aliyerukwa na akili.

Tuanze kabla ya hospitali. Tiba iliyovuka bahari kuja pwani yetu pamoja na Uislamu na biashara haikuigawa akili na mwili. Msingi wake ni elimu ya Wayunani iliyopitia mikononi mwa Waislamu, na kilele chake ni Al-Qanun cha Ibn Sina, aliyefariki 1037. Mwili una joto na baridi, ukavu na unyevu. Afya ni mizani ya hayo. Bibi zetu hawakumsoma Ibn Sina, lakini anayekwambia usile embe na maziwa, au mzazi anyweshwe vitu vya moto, anazungumza lugha hiyo hiyo. Katika lugha hiyo huzuni si kitu cha kichwani tu. Inaweza kuanzia tumboni, kwenye usingizi, kwenye ugomvi wa nyumbani. Miji mikubwa ya Kiislamu ilikuwa na hospitali zilizopokea wagonjwa wa akili pia. Ile ya Nuruddin, Damascus, ilijengwa 1154. Kwa hiyo anayedhani kumtibu mwendawazimu ni fikra iliyoletwa na meli za Wazungu, ahisabu upya miaka.

Pili, kuna chuoni na msikitini. Mtu husomewa. Au huandikiwa kombe: aya za Qur'ani huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji au marashi, mgonjwa akanywa. Hapo neno linaingia mwilini. Usicheke haraka, msomaji mwenzangu. Hanna Nieber, mtafiti aliyekaa mjini Zanzibar kulichunguza kombe, alilichukulia kwa uzito kama swali la nini hasa maana ya kutibiwa.

Tatu, kuna ngoma. Kjersti Larsen, mwanaanthropolojia wa Norway, ameandika kitabu kizima kuhusu mapepo ya mjini Unguja, kilichotoka 2008. Anayapanga kwa makabila, kama wenyewe wanavyoyapanga: ruhani, Waislamu kutoka Arabuni, wapenda udi na marashi, rubamba wa Pemba, habeshia wa Uhabeshi, na kibuki wa Bukini, yaani Madagascar, ambao ni Wakristo na hunywa brandi. Ukiitazama orodha hiyo vizuri unaona Bahari ya Hindi yote imekaa kitako ndani ya chumba kimoja.

Kinachonivutia zaidi ni mazungumzo. Fundi hamuulizi mwele amekosea nini. Anamuuliza sheitani: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Anayejibu ni mgeni aliyekalia kiti, na mgeni huyo ana haki zake: nguo, chakula, ngoma kila baada ya muda fulani. Mara nyingi hafukuzwi, anatulizwa tu ili wakae pamoja kwa amani. Watu wa nyumbani, majirani na waliokuwa hawasemezani hukaa pamoja usiku kucha kwa ajili ya mtu mmoja. Asubuhi akiamka mzima, maneno machafu aliyoyatoa si yake. Alikuwa kiti tu. Anaweza kuosha uso akaenda sokoni.

Sasa tazama upande wa pili. Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza 1890, na hospitali ya aina ya Kidongo Chekundu ni mtoto wa utawala ule. Nyumba kama hizo hazikuzaliwa kutokana na swali la namna ya kuponya. Zilizaliwa kutokana na swali la namna ya kumwondoa barabarani anayesumbua. Mathari ya Nairobi ilifunguliwa 1910 mahali palipokuwa kambi ya kuwatenga wagonjwa wa ndui, na ndani yake Mwafrika na Mzungu hawakulala pamoja. Aliyeiongoza kuanzia 1938 ni J. C. Carothers, ambaye mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alimlinganisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha andiko lake lililowaeleza Mau Mau kama tatizo la saikolojia. Yaani watu walionyang'anywa ardhi wakakasirika, daktari akaandika kwamba wanaumwa.

Siyasemi haya kuwachafua madaktari na wauguzi wa leo, ambao wengi wanafanya kazi ngumu kwa vifaa vichache. Nasema tu kwamba taasisi hurithi tabia kama watoto wanavyorithi. Zanzibar ilipata sera yake ya afya ya akili 1999 na sheria mpya 2001. Bara walisubiri mpaka 2008. Karatasi zimebadilika, ila mazoea yanachukua muda mrefu zaidi. Bado tunapima huduma kwa vitanda na chupa za dawa. Bado swali kubwa analoulizwa mgonjwa kliniki ni kama amekunywa dawa.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Walikusudia huruma: usingoje aombe, mpelekee. Kwenye maradhi ya akili methali hii imegeuka. Mgonjwa haulizwi uji, wala haulizwi dawa, wala kama anataka kulazwa, wala anaogopa nini. Ndugu wanaulizwa, askari anaulizwa, sheha anaulizwa. Yeye amekaa pale pale, anazungumzwa kama kwamba hayupo.

Miaka ya 1960 Shirika la Afya Duniani lilianza utafiti wa skizofrenia katika nchi 9. Matokeo yaliwashangaza wengi: wagonjwa wa Ibadan kule Nigeria na Agra kule India, kwa ujumla, walionekana kuendelea vizuri kuliko wa nchi tajiri zenye madaktari wengi. Wataalamu wanabishana mpaka leo kuhusu namna ya kuyasoma matokeo hayo. Lakini ndiyo yaliyomsukuma Mmarekani Juli McGruder kuja Unguja, akakaa na familia zenye wagonjwa na kuandika tasnifu yake ya 1999. Baadaye Ethan Watters alimpa nafasi kubwa katika kitabu chake Crazy Like Us cha 2010.

McGruder hakusema pepo ni dawa. Alichokiona ni kwamba imani ya pepo inaipa familia namna ya kumvumilia mtu bila kumlaumu. Maradhi huja na kuondoka, na yakiondoka mtu anapokelewa tena kama yeye yule. Nyumba inayolaumu na kufuatafuata kila jambo, watafiti wa Ulaya walishaonyesha, humrudisha mgonjwa wodini mapema. Na familia zenyewe hazikuchagua upande. Hata ninazozijua mimi ziko hivyo: mwezi ukifika sindano anachomwa, Alkhamisi anasomewa, na mambo yakizidi shangazi anatafuta fundi.

Ningeweza kumaliza hapa, nikasifu ya kale, tukapongezana. Lakini ningekuwa nimekuficha nusu ya habari.

Mwaka 1995, miezi kabla ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, hofu ya Popobawa ilianzia Pemba ikavuka mpaka Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, wamekoka moto. Mjini, umati ulimkamata kijana mmoja ukamuua kwa kudhani ndiye Popobawa. Kumbe alikuwa mgonjwa wa akili aliyekuja kutafuta matibabu. Martin Walsh, mtafiti aliyeifuatilia hofu ile, ameandika habari zake. Imani ile ile inayosema "huyu si yeye, ni pepo" ndiyo iliyowafanya watu wasimwone mtu mbele yao. Ikiwa sheitani ana kiti ndani ya nyumba na watu wanaomjua, kiti kinalindwa. Akija mgeni asiye na ndugu wa kumsemea, hakuna wa kumlinda.

Na kuna minyororo. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2020 ilionyesha watu wenye maradhi ya akili wakifungwa katika nchi takriban 60, majumbani na kwenye vituo vya dini na vya tiba za jadi. Wapo waganga wanaopiga, wapo wanaokula mpaka shamba la mwisho la familia. Na wapo wagonjwa ambao bila dawa ya hospitali hawalali wala kula. Kuwaambia waache vidonge kwa sababu tu mkoloni aliwahi kuwa na jengo ni ukatili mwingine.

Kwa hiyo mstari ninaouona mimi hauko kati ya mganga na daktari. Uko kati ya tiba inayomwachia mtu njia ya kurudi na tiba inayoifunga. Daktari anaweza kusimama upande wowote, na sheikh vilevile. Thomas Lambo, daktari wa Nigeria, alilijua hili mapema: huko Aro, kuanzia 1954, wagonjwa waliishi vijijini jirani na hospitali pamoja na jamaa zao, na waganga walishirikishwa. Alitumia sindano na ngoma kwa pamoja, wala mbingu hazikuanguka.

Hata Kidongo Chekundu penyewe pana mfano. Tangu 2015 kuna kliniki ya methadoni kwa waliokuwa wakitumia heroini. Mtu anafika, anakunywa dozi yake, anarudi mtaani kwake, na kesho anafika tena. Wengine wamepita kwanza soba hausi, ambako anayekupokea ni mtu aliyewahi kuwa ulipo wewe. Geti lile lile linalotajwa kwenye matusi, kwao ni mahali pa kupita asubuhi kabla ya kwenda kutafuta riziki.

Shirika la Afya Duniani liliandika tangu 1948 kwamba afya ni ukamilifu wa mwili, akili na maisha ya kijamii. Pwani hii ilikuwa inajua hivyo zamani, ila tulikuwa hatuna karatasi. Hilo la tatu, la kijamii, haliwezi kuandikiwa dawa na daktari wala kombe na sheikh. Liko mikononi mwa wenye maduka wanaoajiri, wenye nyumba wanaopangisha, na wenye mabinti wanaoposwa. Liko mikononi mwetu pia, tunaoandika na kuchekesha. Tunaweza kuanza kwa kuliacha jina la mtaa liwe jina la mtaa. Na mgonjwa akirudi nyumbani, uji mpelekee kama wahenga walivyotufunza, lakini safari hii muulize pia anaupenda vipi.