Ukuta wa Lang'ata Road

Karatasi ya KCPE ya somo la jamii na dini ilikuwa na maswali 90, yote ya kuchagua A, B, C au D. Uraia ulikuwa humo. Kazi za spika nilizijua kama jina langu.

Januari 19, 2015, wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirudi baada ya mgomo wa walimu, wakakuta uwanja wao wa kuchezea umezungushiwa ukuta. Wakaandamana na wanaharakati, ukuta ukaangushwa. Polisi wakawarushia vitoa machozi. Watoto na sare zao, jamani! Waziri wa usalama akaja kuomba msamaha, na shule ikaahidiwa hatimiliki.

Wiki hiyo darasani kwetu tuliendelea kukariri ngazi za serikali ya kaunti. Hakuna aliyetuuliza: huo uwanja ni wa nani, na unajuaje?

Swali la aina hiyo lina historia yake. Mwaka 1969, Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kilianza kufundisha madaktari kwa kuwapa kisa cha mgonjwa kabla ya mhadhara. Kundi dogo linakaa: tunajua nini, hatujui nini, nani aende kutafuta? Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kikaichukua njia hiyo kwa madaktari wake. Mimi chuo niliacha, sijifanyi mtaalamu, lakini hii sioni kwa nini imshinde mtoto wa darasa la sita.

Hebu mpe ule ukuta. Atafika kwa Tume ya Taifa ya Ardhi, tena akijua anaitafutia nini. Atagundua kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na cha 37 haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Kuangusha ukuta je? Hapo darasa litagawanyika, na mwalimu asiharakishe kuliamua.

Mtaala wa CBC umeleta miradi ya kuhudumia jamii. Ni hatua. Ila miradi niliyoiona mtaani kwetu ni kuokota takataka na kupanda miche, mambo yasiyomuudhi mtu yeyote mwenye mihuri. Bado sijakutana na kundi lililotumwa kwa mwalimu mkuu kuuliza hatimiliki ya shule yao iko wapi. Na shule nyingi za umma hazina.