Walipojitoa NUSAS

Mwaka 1966 kijana wa miaka 19 kutoka Ginsberg, kitongoji cha weusi cha King William's Town, alianza kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Natal. Jina lake Stephen Bantu Biko. Chuo kilikuwa na sehemu ya Wazungu na sehemu ya "wasio Wazungu", na hata mabweni yalitengwa. Bweni la wanafunzi weusi wa udaktari, Alan Taylor, lilikuwa Wentworth, kusini mwa Durban, kwenye majengo yaliyokuwa kambi ya jeshi, karibu kabisa na kiwanda cha kusafishia mafuta. Humo wanafunzi walikuwa wakibishana juu ya jambo moja: serikali yao ya wanafunzi iendelee kuwa mwanachama wa NUSAS, au ijitoe?

Biko alianza akiwa upande wa kubaki.

Alikuwa na sababu. NUSAS, Muungano wa Kitaifa wa Wanafunzi wa Afrika Kusini, ulikuwa miongoni mwa vyama vichache vya halali vilivyowaweka weusi na weupe ukumbi mmoja katika nchi iliyotawaliwa na Makaburu. Chifu Albert Luthuli, Mwafrika wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, alikuwa rais wake wa heshima. Mwaka huohuo wa 1966 rais wake, Ian Robertson, aliwekewa amri ya marufuku iliyomzuia kushiriki siasa, baada ya chama chake kumwalika Seneta Robert Kennedy kutoka Marekani. Kennedy alikuja hata hivyo, na tarehe 6 Juni akahutubia Chuo Kikuu cha Cape Town. Chama kinachochukiwa na Waziri wa Sheria John Vorster, wengi waliona, hakiwezi kuwa adui wa mtu mweusi. Kukiacha ni kumpa Vorster anachokitaka, weusi kwao na weupe kwao.

Hoja hiyo ilikuwa nzito, na haifai kuibeza leo kwa kuwa tu tunajua kilichofuata. Lakini waliotaka kujitoa nao walikuwa na historia ya kutoa kama ushahidi.

NUSAS ilianzishwa Bloemfontein mwaka 1924 kwa juhudi za mwalimu Leo Marquard. Nia yake ilikuwa kuwakutanisha wanafunzi Wazungu wa lugha mbili, Kiingereza na Kiafrikana, kizazi kimoja tu baada ya vita vya Waingereza na Makaburu. Mwafrika hakuwamo katika hesabu. Ilipozuka hoja ya kukipokea chuo cha weusi cha Fort Hare, matawi ya Kiafrikana, ambayo tayari yaliuona muungano kuwa wa Kiingereza mno, yalianza kutoka. Bloemfontein, Pretoria na Potchefstroom yaliondoka 1933 na kuunda chama chao cha uzalendo wa Kiafrikana. Stellenbosch ikafuata 1936. Hao ndio waliokuwa wa kwanza kujitoa, na walitoka ili wasikae meza moja na Waafrika. Hata baada ya wao kwenda zao, Fort Hare ilisubiri hadi 1945 ndipo ikapokewa. Mwaka 1952 Fort Hare nayo ikajitoa, kwa sababu kinyume kabisa: kizazi kilichokuwa kikilelewa na Umoja wa Vijana wa ANC kilichoka na uliberali uliohubiri subira.

Kwa hiyo kufikia miaka ya 1960 mlango wa kutokea ulikuwa umeshatumiwa na watu wa aina mbili zisizofanana hata kidogo. Hilo ndilo lililofanya mjadala wa Wentworth uwe mgumu. Kila aliyesema "tutoke" alipaswa kwanza kueleza anatofautianaje na vijana wa Pretoria wa mwaka 1933.

Sheria ya 1959 iliongeza uzito. Vyuo vikuu vya wazi vilifungiwa wanafunzi weusi isipokuwa kwa kibali cha waziri, na vikajengwa vyuo vya kikabila: Turfloop kwa Wasotho, Wavenda na Watsonga, Ngoye kwa Wazulu, Bellville kwa machotara, na Durban kwa Wahindi. Fort Hare ilinyang'anywa uhuru wake na kufanywa chuo cha Waxhosa. Wakuu wa vyuo hivyo hawakutaka kusikia jina la NUSAS. Muungano ukabaki na wanachama wengi Wazungu, ukizungumza kwa niaba ya weusi ambao wengi wao hawakuruhusiwa hata kujiunga.

Kilichomgeuza Biko kilitokea Grahamstown, mji ambao leo unaitwa Makhanda. Julai 1967 NUSAS ilifanya mkutano wake mkuu katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Uongozi wa chuo ulikataa wajumbe weusi walale mabwenini pamoja na wenzao. Wazungu walipewa vyumba chuoni, na weusi wakaelekezwa kwenye ukumbi wa kanisa katika kitongoji cha Waafrika. Viongozi wa NUSAS walikasirika kwa dhati na wakaandaa tamko la kuulaani uongozi wa chuo. Biko akasimama na hoja nyingine: mkutano uahirishwe mpaka patafutwe mahali ambapo wajumbe wote wataweza kukaa pamoja. Majadiliano yaliendelea mpaka karibu na alfajiri. Hoja yake ikashindwa kwa kura, na shughuli za mkutano zikaendelea.

Usiku ule ulipima kitu ambacho maazimio hayawezi kukipima. Wajumbe Wazungu hawakuombwa waende jela. Waliombwa wafunge mafaili na warudi nyumbani, na hilo likawa gharama kubwa kuliko walivyokuwa tayari kulipa. Biko alisafiri kwenda Port Elizabeth kumtafuta rafiki yake Barney Pityana, na wakaanza kuzungumza juu ya chama cha weusi wenyewe.

Mwaka mmoja baadaye, Julai 1968, wanafunzi Wakristo walikutana Stutterheim chini ya University Christian Movement, chama kipya kilichokuwa na weusi wengi kuliko NUSAS. Hapo sheria za vibali ziliingia mkutanoni zenyewe. Mwafrika asiye na ruhusa hakutakiwa kukaa katika eneo la mji zaidi ya saa 72, na saa zilikuwa zikiyoyoma. Likatolewa pendekezo: waandamane wote hadi nje ya mpaka wa manispaa, kisha waingie tena ili saa zianze kuhesabiwa upya. Wakati wenzao wakijadili jinsi ya kuicheza sheria hiyo, wajumbe weusi walijitenga kando na kuzungumza wao kwa wao. Zaidi ya maandamano yoyote, kikao hicho cha pembeni ndicho kilichozaa matunda.

Desemba 1968 viongozi wa wanafunzi weusi wapatao 30 walikutana Mariannhill, karibu na Durban. Julai 1969 chama chao, SASO, kikazinduliwa rasmi Turfloop, na Biko akawa rais wa kwanza. Wengi husimulia habari hii kana kwamba mlango ulipigwa kwa kishindo siku moja. Haikuwa hivyo. SASO ilipoanza iliendelea kuitambua NUSAS kuwa ndiyo muungano wa kitaifa wa wanafunzi. Miongoni mwa waasisi walikuwamo walioogopa kwamba chama cha rangi moja kitafanana mno na ubaguzi wenyewe. Wakuu wa vyuo vya kikabila nao walidhani vivyo hivyo na kwa muda wakakiachia kifanye kazi, wakiamini kuwa hatimaye Waafrika wamekubali kukaa kwao.

Ni mwaka 1970 tu, katika mkutano wa Wentworth, SASO ilipoondoa utambuzi wake kwa NUSAS. Mwaka huo Pityana alishika urais na Biko akaanza kuandika katika jarida la chama kwa jina la Frank Talk. Wajumbe walikubaliana pia kwamba "weusi" ni Waafrika, machotara na Wahindi kwa pamoja, yaani wote waliobaguliwa kwa sheria. Makundi yaliyokuwa yamegawiwa vyuo mbalimbali yakajiunga upya kwa uamuzi wao wenyewe. Hapo ndipo tofauti na mwaka 1933 ilipoonekana wazi.

Kutoka kwao kuliiumiza NUSAS, na kukaisaidia. Rais wake Neville Curtis na wenzake walikubali kwamba kazi ya Mzungu anayepinga ubaguzi iko kwa Wazungu wenzake na katika mfumo unaomlisha, badala ya kuwaongoza weusi. Kuanzia 1971, wakisaidiwa na mhadhiri Rick Turner wa Durban, wanafunzi hao walianza kuchunguza mishahara ya wafanyakazi weusi, kuanzia wale waliofagia vyuo vyao. Januari 1973 migomo ilipolipuka Durban, makumi ya maelfu ya wafanyakazi waliacha kazi. Februari serikali iliwawekea marufuku viongozi wanane wa NUSAS. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya viongozi wa harakati za Weusi, Biko na Pityana wakiwamo.

SASO ililipa zaidi. Mwanaharakati wake Onkgopotse Tiro alifukuzwa Turfloop mwaka 1972 kwa hotuba aliyoitoa kwenye mahafali. Akafundisha kwa muda Soweto, katika shule ya Morris Isaacson, na Februari 1974 akauawa Botswana kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Septemba mwaka huo SASO iliitisha mikutano ya kuipongeza Frelimo, chama kilichoasisiwa Dar es Salaam mwaka 1962 na sasa kikikaribia kuitawala Msumbiji. Viongozi tisa wakaishia mahakamani, kisha gerezani. Baada ya uasi wa wanafunzi kuwaka Soweto tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi waliokimbia nchi walifika hadi Morogoro, ambako Tanzania ilitoa ardhi ya Mazimbu na ANC ikajenga shule iliyopewa jina la mpiganaji wake Solomon Mahlangu. Biko alikufa mikononi mwa polisi tarehe 12 Septemba 1977. Tarehe 19 Oktoba SASO ikapigwa marufuku.

NUSAS iliendelea kuishi kama chama cha Wazungu wanaopinga ubaguzi. Upande wa weusi ilizaliwa AZASO mwaka 1979, ambayo baadaye ilibadili jina na kuwa SANSCO. Katika miaka ya 1980 vyama hivi viwili vilishirikiana katika kampeni nyingi bila kimoja kukimeza kingine, kila kimoja kikiwa na viongozi na vikao vyake. Septemba 1991, kwenye mkutano uliofanyika Chuo Kikuu cha Rhodes, viliungana na kuwa SASCO. Safari hii wanafunzi weusi hawakuwa wageni wa kutafutiwa mahali pa kulala. Walikuja na chama chao, na masharti ya kuungana yalijadiliwa na pande mbili zilizokuwa na haki sawa ya kukataa.